Maungamo ya Hiari na Maungamo ya Kushurutishwa: Wandugu wa Uamsho katika Nyeri na Murang'a

Wapo wanaosema, na wamekuwa wakisema kwa miaka mingi katika mabaraza ya Nyeri, Karatina na Murang'a, ya kwamba Wandugu wa Uamsho, wale Wakristo waliojiita waliookoka, walikuwa vibaraka wa Serikali ya kikoloni, na ya kwamba uhuru wa roho waliouhubiri ulikuwa kileo tu cha kuwasahaulisha watu ardhi yao iliyonyakuliwa. Dai hili lina wafuasi wenye heshima zao. Lakini mtu akilipima kwa matendo ya Wandugu wenyewe katika miaka ya Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952 hadi Januari 1960, ataona kuwa hujja yake ni dhaifu kuliko sauti yake.

Habari za mwanzo zinajulikana, nami sitazirefusha: wamisionari Wakonsolata walifika Tuthu mwaka 1902 kisha wakapanda Nyeri, Waskoti wakajenga Tumutumu mwaka 1908, na mwaka 1929 ugomvi wa tohara ya wanawake ukayapasua makanisa, shule za kujitegemea zikazaliwa. Watu wa Mungu nao, wale wavaa vilemba ambao watatu wao waliuawa na polisi katika msitu wa Ndarugu mwaka 1934, wanastahili makala yao peke yao, kwa sababu walikuwa miongoni mwa wa kwanza katika nchi hii kuudai uhuru wa roho pasipo kumwomba mmisionari ruhusa.

Uamsho ulitoka Rwanda na Uganda, ambako Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana Namirembe mwaka 1929, ukafika Kabete mwaka 1937, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ukawa umeingia Tumutumu. Kiini chake kilikuwa maungamo ya hadharani. Mtu alisimama mbele ya mkutano akaitaja dhambi yake waziwazi: deni alilolikana, mke wa jirani, mali ya misheni iliyopotelea mikononi mwake, na alipokwisha kusema, wenzake wakamwitikia kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda walioufanya kuwa wao, kisha kesho yake akaenda kulipa alichodaiwa. Wazee walichukizwa mno, maana siri za boma, kwa adabu ya Mkikuyu, huamuliwa bomani. Derek Peterson, mwanahistoria aliyezisoma kwa subira nyaraka za Tumutumu, ambazo wengi wetu tumeziacha zikusanye vumbi, ameonyesha kwamba Wandugu waligombana na wazalendo wa kabila lao hasa kwa sababu hii. Nami nakubaliana naye, ila kugombana na wazee si kuwa mtumwa wa Gavana.

Vita vya Mau Mau vilipokuja, Wandugu walikikataa kiapo cha wapiganaji, wakisema kwamba aliyekwisha kuinywa damu ya Kristo hawezi kuapa kwa damu ya mbuzi. Wengi waliuawa kwa neno hilo, na E. M. Wiseman akaandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1958, kitabu cha huzuni ambacho kwa bahati mbaya kinamwacha msomaji akidhani marehemu hao walikuwa upande wa Serikali. Lakini Wandugu hao hao, walipotakiwa kushika bunduki pamoja na homugadi, ambao watu wa Nyeri waliwaita ngati, wengi wao walikataa vilevile, wakashukiwa na pande zote mbili, wakalala bila ulinzi wa yeyote. Kibaraka gani huyo anayeikataa silaha ya bwana wake? Na Canon Bewes, aliyekuwa amehudumu Murang'a, alipozuru nchi Januari 1953, alimpelekea Gavana Baring malalamiko juu ya mateso yaliyotendwa na askari.

Hapa ndipo jambo linapogeuka, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo. Serikali iliona nguvu ya maungamo, ikaitamani. Katika kambi ya Athi River wafungwa walihubiriwa na kusihiwa waungame viapo vyao. Na mwaka 1957, katika kambi za Mwea, chini ya usimamizi wa afisa Terence Gavaghan, kusihi kukawa kupiga: mfungwa aliingizwa, akazingirwa na waliokwisha kusalimu amri, akapigwa hata akakiri. Asiyekiri hakuachiliwa. Tendo lile lile, maneno karibu yale yale, na katikati yake mna bahari. Kwa Ndugu wa Tumutumu ungamo lilikuwa mlango anaoufungua mwenyewe kutoka ndani. Kwa mfungwa wa Mwea lilikuwa malipo ya kununulia mwili wake, na moyo ulibaki pale pale au ukavunjika. Louis Leakey, aliyeandika kana kwamba Mau Mau ilikuwa dini mbovu iliyohitaji dini njema ya kuitibu, hakuuona mpaka huu hata kidogo, na sidhani kwamba alijaribu.

Ushahidi mwingine uko ukutani, katika kanisa kuu la Murang'a, lililojengwa kwa kumbukumbu ya Wakristo waliouawa kwa kukikataa kiapo, kwa juhudi za Askofu Obadiah Kariuki, aliyewekwa wakfu mwaka 1955. Elimo Njau, kijana Mchagga aliyesoma Makerere, alichora humo mwishoni mwa miaka ya 1950 Yesu mweusi, kuzaliwa kwake na kusulubiwa kwake vikiwa katika nchi ya vilima kama ile iliyo nje ya mlango. Angalieni wakati wake: kambi zilikuwa bado zina wafungwa.

Sikatai kwamba Wandugu walinyamaza mno juu ya ardhi. Jambo hilo wanalaumiwa kwa haki. Lakini mwaka 1969, baada ya kuuawa kwa waziri Tom Mboya, Wakikuyu walipochukuliwa kwa malori kwenda Gatundu kula kiapo kipya, makanisa yalipinga hadharani. Kariuki, aliyeoa binti wa Chifu Koinange kama Rais Kenyatta naye alivyooa, alikuwa miongoni mwa waliopinga, na mzee mmoja wa Kanisa la Presbyterian alikufa kwa kipigo baada ya kukikataa kiapo hicho. Hoja yao ilikuwa ile ile ya mwaka 1952. Aliyekuwa Ikulu sasa alikuwa mtu wa kwao.