Nani Huwasha Swichi za Megawati?

Tangu Novemba 2022 tunapokea umeme wa Ethiopia pale Suswa, umesafiri zaidi ya kilomita 1,000 ukiwa DC ya volti 500,000, kisha unageuzwa kuwa AC ndipo uingie kwenye gridi yetu. Mwenzangu kazini aliniuliza, "Na hizo swichi zote huwashwa na nani?" Nikajibu haraka: kompyuta. Baadaye nikaona nimeruka historia nzima.

Mwaka 1954 kampuni ya ASEA ya Uswidi iliunganisha kisiwa cha Gotland na bara kwa kebo ya DC, megawati 20. Swichi zilikuwa vali za zebaki, kazi iliyomchukua Uno Lamm miaka mingi. Kisha zikaja thairista. Kituo cha Eel River, Kanada, kilianza 1972 bila zebaki kabisa. Thairista huwashwa kwa amri lakini haizimiki kwa amri, husubiri mkondo uishe. Kwa hivyo kidhibiti kina jambo moja tu la kuamua: iwashwe lini. Kwenye hezi 50, ukikosea kwa nyuzi moja ya wimbi umekosea kwa maikrosekunde 56 hivi.

Vidhibiti vya mwanzo vilipima wakati wa kila vali kutoka kwa wimbi la AC lenyewe. Shida ni kwamba kibadilishi chenyewe hulichafua wimbi hilo. Wimbi chafu likaleta amri zisizo sawa, nazo zikazidi kulichafua. Mwaka 1968 J. D. Ainsworth, wa English Electric huko Uingereza, akaja na dawa: kidhibiti kiwe na saa yake, kitoe amri kwa vipindi sawa, na saa hiyo isogezwe polepole kuifuata gridi. Hebu fikiria, ni kama tunavyosawazisha saa za seva! Na alifanya kwa saketi za analogi.

Mikroprosesa zilipoingia, mwanzoni zilirithi tu kazi ya saketi hizo. Kwangu mimi mapinduzi ni ya Rainer Marquardt wa Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 2000: moduli ndogo mamia, kila moja na kapasita yake. Trans Bay Cable ya San Francisco ilianza kuutumia mpango huo 2010. Kapasita zote lazima zikaribiane volti, basi programu huzipima, huzipanga kwa volti, ikaingiza zenye kidogo mkondo unapochaji na zenye nyingi unapotoa. Ndiyo, ile somo ya kupanga orodha tuliyoilalamikia chuoni!

Nami nina kovu langu. Chuoni, rafiki wa uhandisi aliniomba programu ya inveta ndogo. Nilisahau kuacha mwanya kati ya kuzima transista ya juu na kuwasha ya chini. Hakukuwa na ujumbe wa kosa, ni mlio tu na moshi.

Suswa ni thairista. Nimemrudia mwenzangu: ni kompyuta, ila ile saa inayoifuata gridi polepole ni wazo la 1968.