Mchoro wa kipimo cha sumukuvu
Mchoro wa kipimo cha sumukuvu ni mstari wa kihesabu unaogeuza rangi ya kipimo cha kingamwili, ELISA, kuwa kiasi cha sumu katika mahindi. Uzito wake unaeleweka kwa maafa ya 2004 nchini Kenya, watu 317 walipougua na 125 kufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Katika kipimo hiki sumu hushindania kingamwili, hivyo kitundu cha kipimo chenye rangi hafifu ndicho chenye sumu nyingi. Rangi haipungui kwa hatua sawa: huanza polepole, huporomoka katikati, kisha hutulia, ndiyo maana mstari wa umbo la S, wenye vigezo 4, unafaa zaidi. Wapo wanaosema mstari ulionyooka unatosha, na katikati ya mchoro ni kweli. Lakini baadhi ya mahindi ya sokoni mwaka ule yalizidi sehemu 1,000 kwa bilioni, ilhali kikomo kilikuwa 20. Mstari unapolala, kama kwenye viwango hivyo vya juu, tofauti ndogo ya rangi hubeba tofauti kubwa ya sumu. Sampuli izimuliwe na kupimwa upya, isikisiwe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba punje chache zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Hilo hesabu hailitibu. Hutibiwa kwa kuchota mahindi pande zote za gunia na kuyasaga pamoja kabla ya kupima.