Sauti Iliyokwaruzika: Granji ya Seattle na Gitaa la Mtu Mmoja katika Miteremko ya Karurumo

Historia ya muziki huandikwa mara nyingi kwa kufuata miji mikubwa, kampuni za kurekodi na majina ya wasanii waliovuma, ilhali mizizi ya mitindo mingi imo katika vijiji na miji midogo ambayo riziki yake ilitegemea zao moja au kazi moja. Mvuto wa granji, yaani muziki wa gitaa la umeme uliochipuka kaskazini-magharibi mwa Marekani katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, unaeleweka vyema zaidi ukisomwa sambamba na historia ya gitaa katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, na hasa katika maeneo ya wakulima wa kahawa kama Karurumo, soko lililo upande wa Runyenjes katika Kaunti ya Embu. Mitindo ya pande hizo mbili haikuzaana wala haikuazimana. Kinachoiunganisha ni hali iliyoilea, nayo ni kuporomoka kwa riziki ya wazazi wakati watoto wao wakiingia utu uzima wakiwa na elimu, matarajio na muda mwingi usio na kazi.

Kahawa ya Embu ina historia ya pekee. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika wa Kenya kulima zao hilo kwa muda mrefu, ili lisiondoke mikononi mwa walowezi, na ilipolegeza marufuku hayo kwa majaribio katika miaka ya 1930, Embu na Meru zilikuwa miongoni mwa sehemu chache za kwanza kuruhusiwa. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipanua kilimo hicho, na baada ya uhuru vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kahawa kando ya mito, mahali ambapo matunda mekundu humenywa, huvundikwa, huoshwa na kuanikwa juu ya meza za waya. Malipo ya kahawa ndiyo yaliyoezeka nyumba kwa mabati, yakalipa karo na kununua redio ya kwanza ya nyumbani, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa katika miteremko hiyo miaka ya 1960 au 1970 alikua akiamini kwamba mti wa kahawa ungemsomesha kama ulivyowasomesha kaka zake.

Imani hiyo ilivunjika Julai 1989, wakati Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo kwa nchi zinazozalisha ulipositishwa, na bei katika soko la dunia ikaanguka vibaya katika miaka iliyofuata. Uzalishaji wa Kenya, uliofikia takriban tani 130,000 katika msimu wa 1987/88, ulishuka hadi chini ya nusu ya kiasi hicho kufikia mwanzo wa karne mpya. Kwa kuwa sheria ilikataza mkulima kung'oa mikahawa bila kibali, wengi waliiacha izongwe na magugu au wakapanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari yake, na kwa njia hiyo shamba lenyewe likawa kumbukumbu ya ahadi iliyovunjika.

Mwaka huohuo wa 1989, upande wa pili wa dunia, mji wa Aberdeen katika jimbo la Washington ulikuwa ukipitia msiba wa namna hiyo, ila kwake zao lilikuwa mbao. Mji huo uliishi kwa kukata miti na kupasua magogo, na viwanda vyake vilikuwa vimeanza kufungwa tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Kisha mwaka 1990 bundi wa misitu ya kale ya eneo hilo akaorodheshwa miongoni mwa wanyama wanaolindwa na sheria, na ukataji wa miti katika misitu ya serikali ukabanwa zaidi. Hapo Aberdeen ndipo alipozaliwa Kurt Cobain mwaka 1967, na hapo ndipo alipokutana na Krist Novoselic, ambaye mwaka 1987 alianzisha naye bendi iliyokuja kuitwa Nirvana. Walimu wao wa karibu walikuwa vijana wa bendi ya Melvins kutoka mji jirani wa Montesano, waliokuwa wakipiga muziki mzito kwa mwendo wa polepole kuliko ilivyokuwa desturi.

Jina granji limetokana na neno la mtaani la Kiingereza lenye maana ya uchafu unaoganda, nalo lilishikamana na muziki huu kwa msaada wa Sub Pop, kampuni ndogo ya kurekodi ya Seattle iliyoendeshwa na Bruce Pavitt na Jonathan Poneman. Jina hilo lilieleza sauti yenyewe. Mpigaji alilitia gitaa lake katika kifaa kidogo kinachokanyagwa kwa mguu, ambacho huzidishia amplifaya, yaani kikuza sauti, nguvu kuliko inavyoweza kubeba, hata sauti ikapasuka na kukwaruza kama chuma kinachosuguliwa kwenye jiwe. Juu ya mkwaruzo huo mwimbaji hakujitahidi kupendeza: alinong'ona katika ubeti na kupiga kelele katika kiitikio, na mpishano huo wa utulivu na mlipuko ukawa alama ya mtindo. Kutoka kwenye panki, muziki wa haraka na mfupi wa miaka ya 1970, granji ilirithi hasira na dharau kwa ufundi wa kujionyesha, na kutoka kwenye roki nzito ya kundi la Black Sabbath ikarithi uzito wa gitaa.

Gharama yake ilikuwa ndogo mno. Albamu ya kwanza ya Nirvana, *Bleach*, iliyotolewa mwaka 1989, ilirekodiwa na Jack Endino katika studio ndogo ya Seattle kwa dola 606 pekee. Miaka miwili baadaye, Septemba 1991, bendi hiyo ilitoa *Nevermind*, ambayo Januari 1992 iliiondoa albamu ya Michael Jackson kwenye nafasi ya kwanza ya chati ya mauzo ya Marekani. Bendi tatu nyingine za Seattle huhesabiwa pamoja nayo kuwa nguzo za mtindo huu, na kila moja ilikuwa na mvuto wake: Soundgarden ilijulikana kwa sauti pana ya Chris Cornell na kwa midundo isiyo ya kawaida, Alice in Chains kwa jinsi Layne Staley na Jerry Cantrell walivyooanisha sauti zao katika nyimbo za kiza na uraibu, na Pearl Jam, iliyotoa albamu ya *Ten* Agosti 1991, kwa masimulizi ya Eddie Vedder kuhusu watoto waliotelekezwa na familia zilizovunjika.

Ili kuona ndugu wa muziki huo katika Mlima Kenya, ni lazima kwanza kufuata njia iliyolileta gitaa huko. Kabla ya gitaa kulikuwa na ngoma, na majirani wa Embu, Wachuka, wanajulikana hadi leo kwa ngoma zao ndefu ambazo mpigaji huzibana katikati ya miguu na kuziinamisha mbele anapocheza. Misheni za Kianglikana huko Kigari, za Kiskoti huko Chogoria na za Kikatoliki katika maeneo kama Kyeni zilileta nyimbo za kanisa za sauti nne, na kwaya zikawazoesha watu wa milimani kuimba kwa mapatano. Baada ya Vita Vikuu vya Pili gitaa lilienea Kenya kwa kasi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Jean-Bosco Mwenda na Edouard Masengo kutoka Katanga walifika Nairobi na ufundi wa kupiga kwa vidole, ambapo gumba hushika besi na kidole cha shahada huchora wimbo, hivi kwamba mtu mmoja husikika kama wawili.

Katika miaka ya 1960 na 1970 benga, mtindo ulioanzia kwa Waluo, wenye gitaa kali la kuongoza na besi inayorukaruka, ulivuka hadi nchi ya Wakikuyu, ambako wasanii kama Joseph Kamaru na Daniel Kamau waliujaza methali, mafumbo na mawaidha. Santuri ndogo zilizouzwa katika maduka ya River Road jijini Nairobi zilisafiri kwa basi hadi Embu na Meru, na kwa kuwa Kiembu na Kikuyu ni lugha za jirani, msikilizaji wa Runyenjes hakuhitaji mkalimani ili kuelewa fumbo la Kamaru. Redio nayo ilileta muziki wa kantri wa Marekani, yaani nyimbo za mashambani za akina Jim Reeves na Kenny Rogers, zilizopendwa sana katika nyanda za juu za Kenya kwa sababu zilizungumza juu ya mashamba, mama, treni na kurudi nyumbani.

Mambo hayo yote yalikutana katika miaka ya 1990 katika muziki uitwao mugithi, neno la Kikuyu lenye maana ya treni. Uchumi ulikuwa umebana, na mwenye baa aliyekuwa zamani akiajiri bendi ya watu saba hakuweza tena kuwalipa, kwa hiyo akamwita mtu mmoja mwenye gitaa. Mpigaji husimama pembeni mwa ukumbi, gitaa lake kavu likiwa limeunganishwa na amplifaya, huku mashine ndogo ikimpigia ngoma. Gumba lake halipumziki kwenye besi, na bila kukatiza mdundo hutoka katika wimbo wa kanisa akaingia katika wimbo wa zamani wa Kamaru, kisha wa kantri, kisha akatunga papo hapo maneno ya kumtania mteja aliyeketi mbele yake. Wachezaji hujipanga mstari, kila mmoja ameweka mikono kwenye mabega ya aliye mbele, wakazunguka meza kama mabehewa yanayofuata kichwa cha treni. Wasanii kama Mike Rua na Salim Junior waliupa mtindo huo jina kubwa, na miaka ya karibuni Samidoh, ambaye pia amewahi kuwa askari polisi, ameufikisha kwa kizazi cha simu za mkononi.

Tofauti kati ya mugithi na granji ni dhahiri na haifai kufichwa. Granji iliwaacha wasikilizaji wake katika uchungu wao na kuwaambia kwamba hawako peke yao, ilhali mugithi huuinua uchungu uleule na kuutembeza ukumbini kwa kicheko. Mmoja ni muziki wa chumba kilichofungwa, mwingine ni muziki wa watu walioshikana mabega. Hata hivyo mvuto wa yote miwili una misingi mitatu inayofanana. Wa kwanza ni unafuu wa vifaa, uliomwezesha kijana asiye na mtaji kusikika. Wa pili ni sauti isiyopambwa, iliyoaminiwa kwa sababu ilifanana na sauti ya jirani. Wa tatu ni uaminifu kwa mahali, kwa maana wasanii wa pande zote mbili waliimba kama watu wa kwao na hawakuona haja ya kuiga jiji ili wapendwe.

Hata mavazi yana la kusema. Shati zito la miraba, lililokuja kuwa alama ya granji, lilikuwa vazi la wakata miti wa Washington, na wanamuziki walilinunua katika maduka ya nguo kuukuu kwa sababu lilikuwa rahisi na liliwakinga na baridi. Katika miaka hiyohiyo Kenya ililegeza uagizaji wa bidhaa kutoka nje, na mitumba ikajaa katika masoko ya nchi nzima. Shati la miraba likawa vazi la kawaida la mkulima anayepanda mlima asubuhi ya Julai wakati ukungu umeshuka hadi kwenye mikahawa. Mwaka 1992 wabunifu wa mitindo wa New York walilipandisha shati hilo jukwaani kwa bei ya kitajiri, lakini thamani yake halisi ilibaki kwa wale waliolivaa kwa kukosa jingine.

Umaarufu uliwatoza wana wa Seattle gharama kubwa. Cobain alijiua Aprili 1994 akiwa na umri wa miaka 27. Staley alikufa kwa dawa za kulevya Aprili 2002. Cornell alijiua Mei 2017. Muziki uliozaliwa ili kuwasemea waliosahauliwa ulikuwa umegeuzwa bidhaa kwa kasi ambayo baadhi ya waliouunda hawakuistahimili, na hilo ni onyo kwa kila mahali panapotamani kuuza sauti yake. Nchini Kenya nako, roki yenyewe ilipata makao Nairobi katika miaka ya 2000, kupitia kituo cha redio cha XFM na bendi kama ParkingLotGrass, Last Year's Tragedy na baadaye Crystal Axis, ambayo imetumia gitaa lililokwaruzika kuzungumzia historia ya ukoloni na ukatili wa dola.

Seattle imeihifadhi historia yake. Jumba la makumbusho lililofunguliwa mjini humo mwaka 2000, ambalo leo huitwa Museum of Pop Culture, limeonyesha magitaa, mabango na kanda za bendi hizo, na mtafiti anaweza kujua nani alirekodi nini, lini na kwa pesa ngapi. Miteremko ya Embu na Meru inastahili heshima hiyohiyo. Vituo vya redio vya lugha za huko, kama Wimwaro na Muuga, vinawafikia wazee waliocheza benga na mugithi wa mwanzo. Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Chuka viko karibu na nyumba ambamo kaseti za zamani bado zimefungwa katika masanduku. Utepe wa kaseti huoza kwa unyevu, na mpigaji wa zamani hazeeki peke yake, huzeeka na majina ya wenzake, ya baa na ya nyimbo zao. Kila familia ya Karurumo iliyo na kaseti, picha au gitaa la enzi hizo na iandike nyuma yake jina la mpigaji, mahali na mwaka, kabla mtu wa mwisho anayeyajua hayo hajatutoka.