Reli ya Kati na Daftari la Matengenezo

Katika madarasa yetu ya siasa tumezoea kuuliza nani aliijenga Reli ya Kati, na kwa faida ya nani. Jibu linajulikana. Wajerumani walianzia Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, kwa jasho la vibarua wa Kiafrika, ili mali ya bara ishuke pwani kwenda Ulaya. Swali la pili huwa tunalisahau, na sisi wakufunzi ndio wa kwanza kulisahau: tangu siku hiyo, nani analipa ili reli isimame?

Tutazame kipande cha Kilosa hadi Gulwe. Mhandisi wa kikoloni alitakiwa kulipandisha gari la moshi hadi uwanda wa Dodoma. Akafuata bonde la mto Mkondoa, kwa kuwa mto ulikwisha kuchonga njia milimani, na kufuata mto ni rahisi kuliko kutoboa mwamba. Kwa hesabu ya bepari hiyo ilikuwa akili. Lakini alichookoa katika ujenzi hakikufutika. Kilihamia katika daftari la matengenezo, na daftari hilo tukalirithi sisi.

Mto wenyewe, ambao huko juu huitwa Kinyasungwe, hukusanya maji ya nchi kame, ambako mvua ikija huja kwa kishindo na ardhi haina majani ya kuizuia. Mchanga hushuka, hulala chini ya madaraja, sakafu ya mto huinuka. Daraja lililotosha jana leo halitoshi. Maji yakikosa mlango hupanda tuta.

Mvua za El Niño za 1997-1998 zilitoa onyo. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yalisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Mvua kubwa zikarudi 2019-2020 na 2023-2024. Bahari ya Hindi inazidi kupata joto, na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi. Viwanda vilivyoichafua hewa hiyo kwa zaidi ya karne moja havikuwa Kilosa wala Mpwapwa. Lakini mataruma huokotwa matopeni kwa kodi ya mwananchi wa hapa.

Na gharama hii huzaa. Reli ikikatika, mizigo ya Tabora na Kigoma hupakiwa kwenye malori. Nauli hupanda, mkulima hupunjwa akiuza, hupunjwa tena akinunua. Malori nayo hula lami, na lami hutengenezwa na Mfuko wa Barabara, ulioundwa 1998, kwa tozo ya mafuta. Umma hulipia tuta lililobomoka, kisha hulipia barabara iliyobonyea. Reli yenyewe ilingoja hadi 2015 kupata tozo yake, asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Kabla ya hapo, 2007, uendeshaji ulikuwa umekodishwa kwa kampuni ya nje, na 2011 ukarudishwa mikononi mwa serikali. Mkodishwaji hupenda behewa, karavati halimvutii.

Reli mpya, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imelipia mapema kile alichokikwepa Mjerumani: karibu na Kilosa inapita katika mahandaki manne. Wako ndugu wanaosema ni ghali. Ni ghali kweli, tena kwa mikopo. Wasilinganishe tu na bei ya reli ya 1910. Walinganishe na bei hiyo pamoja na matengenezo yake yote tangu hapo. Wala reli ya zamani haijazikwa. Bado inapita bondeni, na umma sasa una reli mbili za kutunza kati ya Kilosa na Dodoma.