Barabara ya 128 na Uhuru wa Kuacha Kazi

Mwaka 1999 taasisi ya Progressive Policy Institute ya Marekani ilipanga majimbo yote 50 kwa nguvu ya uchumi mpya: teknolojia, utafiti, kampuni changa zinazokua haraka. Namba moja haikuwa California. Ilikuwa Massachusetts.

Ukimwambia hivyo kijana anayeandika programu pale Ngong Road atacheka. Kwani sisi tulijiita Silicon Savannah tukiiga nani? Lakini orodha ile haikudanganya. Vipimo vyake vingi viligawanywa kwa idadi ya wafanyakazi, na Massachusetts, jimbo dogo lililojaa vyuo kama MIT na Harvard, hung'aa ukihesabu hivyo. Kitu ambacho orodha haikuhesabu ni watu kuhama kazi.

Turudi 1957. Ken Olsen na Harlan Anderson, wahandisi waliotoka maabara ya MIT, walipewa dola 70,000 wakaanzisha Digital Equipment Corporation ndani ya kiwanda kikuukuu cha sufi huko Maynard, si mbali na Barabara ya 128 inayozunguka Boston. Kampuni ilikua hadi ikawa ya pili kwa kompyuta baada ya IBM. Iliunda karibu kila kitu yenyewe, kuanzia chipu hadi programu, na ukiingia ulitarajiwa kukaa.

Mwaka huohuo, ng'ambo ya pili ya nchi, wahandisi wanane walimtoroka bosi wao William Shockley, mtu mwenye Tuzo ya Nobel na hulka ngumu, wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Wakabandikwa jina la wasaliti wanane. Mwaka 1968 wawili wao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakaihama Fairchild yenyewe na kuanzisha Intel. Jioni wahandisi wa kampuni zinazoshindana walikutana baa moja ya Mountain View, Wagon Wheel, wakiambiana yanayowashinda kazini. Bosi wa Boston angepata presha.

AnnaLee Saxenian, katika kitabu chake cha 1994, alisema siri ya California ilikuwa huo utamaduni wa kuhamahama na kuongea. Ronald Gilson, mwanasheria, akaongeza jambo ambalo mimi naliona zito zaidi: tangu 1872 sheria ya California imekataa mikataba inayomzuia mfanyakazi kwenda kwa mshindani. Massachusetts iliitekeleza. Pengine wale wanane wangekuwa Boston, wangeishia kortini.

Kompyuta ndogo za mezani zilipofika, Digital ilichelewa. Mwaka 1998 ikanunuliwa na Compaq. Massachusetts ilikuja kubana mikataba hiyo 2018, ikasema kizuizi kisizidi miezi 12, miaka 20 baada ya Digital kuuzwa.

Na sisi? Kenya ina sheria yake, Sura ya 24, ambayo haivifuti vifungu hivi moja kwa moja. Inaiachia Mahakama Kuu iamue kama kizuizi kimezidi. Sasa mwajiriwa wa miaka 24, mshahara wa kwanza, kodi ya nyumba inamngoja, ataenda Mahakama Kuu na wakili gani? Anatia sahihi tu. Wazo alilotaka kuanzisha na rafiki yake linabaki kwenye laptopu.