Thomas Perronet Thompson: Gavana, Kapteni na Mbunge

Miongoni mwa maafisa wa Kiingereza waliozijia bahari za Waarabu katika karne ya 19, sijapata kusoma habari za aliyenistaajabisha na kunisikitisha kwa pamoja kama Thomas Perronet Thompson, mzaliwa wa Hull wa mwaka 1783, aliyehitimu hisabati Cambridge kabla ya kuingia manowarini na kisha jeshini.

Mwaka 1808, akiwa kijana wa miaka 25, alipelekwa Sierra Leone kuwa gavana kwa shufaa ya Wilberforce, mpinga biashara ya utumwa na rafiki wa baba yake, na huko akawakuta Waafrika waliookolewa katika merikebu za watumwa wakigawiwa kwa mabwana wapya kwa jina la uanagenzi. Alitangaza waziwazi kwamba huo ni utumwa ule ule, hata wale wale waliompa cheo wakaghadhibika naye, wakamwondoa.

Baadaye, alipokuwa kapteni na mkalimani wa Kiarabu katika jeshi lililouteka mji wa Ras al-Khaimah, alishiriki kuutunga mkataba wa Januari 1820 baina ya Waingereza na mashekhe wa Ghuba, ambao kifungu chake cha tisa kinahesabu kuwa unyang'anyi na uharamia tendo la kuwachukua watu utumwani kutoka pwani za Afrika na kuwasafirisha vyomboni. Naiona hiyo kuwa amali bora ya maisha yake, ijapokuwa biashara yenyewe haikukoma.

Novemba ya mwaka huo huo, kwa tuhuma za uharamia, aliwaongoza askari wa Kihindi, pamoja na Seyyid Said bin Sultan wa Maskati, kwenda kuwapiga watu wa kabila la Bani Bu Ali wa Jaalan, huko Omani. Wenyeji hawakungoja kuhusuriwa, bali waliwatokea na panga zao wakalivunja jeshi lile, watu wengi wakauawa na Seyyid mwenyewe akajeruhiwa. Mahakama ya kijeshi ilimkaripia Thompson kwa kuiingia vita kwa pupa, na hukumu hiyo ilikuwa ya haki, maana damu ile haikuwa na lazima ya kumwagika. Mwaka 1821 jeshi kubwa zaidi lilirudi kulipiza kisasi, likaibomoa ngome ya kabila hilo.

Kwao Uingereza aliishika kalamu, akazipiga vita sheria za nafaka zilizowapandishia maskini bei ya mkate, akalinunua jarida la Westminster Review, akawa mbunge wa Hull mwaka 1835 na baadaye wa Bradford. Alifariki mwaka 1869, naye ni jenerali. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba wa Seyyid Barghash, mwana wa yule Seyyid Said aliyeshindwa pamoja na Thompson huko Jaalan.