Dhahabu Iliyokwisha na Mbao Zilizobaki

Wasikilizaji wetu, leo twawaalika katika safari ndefu, hata pwani ya Afrika ya Kusini, tuutazame mji wa Knysna na msitu ulio nyuma yake. Nchi hii ina habari mbili. Ya kwanza ni ya dhahabu iliyowaita watu mbio. Ya pili ni ya mafundi wa mbao. Twazisimulia pamoja, kwa sababu moja haifahamiki vema pasipo nyingine.

Mgeni afikaye Knysna huona kwanza hori la maji matulivu, na mlango wake wa bahari kati ya majabali mawili marefu. Wenyeji wa zamani wa nchi hii walikuwa Wakhoi. Mwaka 1804 mtu aitwaye George Rex alinunua shamba kubwa kando ya hori, na baadaye merikebu zikawa zikipita katika mlango ule kuchukua mbao za msituni.

Mwaka 1876 mkulima mmoja, James Hooper, aliokota kipande cha dhahabu katika mto Karatara. Husimuliwa kwamba alikuwa akitafuta changarawe za kuwapa mbuni wake, kwa kuwa ndege hao humeza vijiwe ili kusaga chakula tumboni. Watu wakaanza kuchunguza mito, na miaka kama kumi baadaye wakauona mwamba wenye dhahabu. Ndipo mbio zilipoanza. Mwaka 1887 Serikali ya Koloni la Cape ilitangaza kuwa mahali pale ni machimbo ya dhahabu. Katikati ya miti ukasimama mji wa Millwood, wenye mahoteli, maduka, mabenki na magazeti matatu, na watu wapata 1,000.

Lakini mshipa wa dhahabu haukunyoka. Mwamba ulikuwa umevunjika na kujikunja, hata wachimbaji waliufuata mshipa leo, na kesho wakaupoteza. Maji yakajaa mashimoni, na fedha iliyotumika ikazidi ile iliyopatikana. Tena mwaka 1886 dhahabu nyingi mno ilikuwa imevumbuliwa Witwatersrand, mahali ulipo mji wa Johannesburg. Watu wakafunga mizigo yao wakaenda zao. Baada ya miaka michache Millwood ulikuwa karibu kuwa mahame, na mwaka 1924 Serikali ililifuta tangazo lake.

Tukienda leo mahali pale twaona makaburi, vyuma vya mitambo ya kale, na midomo ya mashimo ndani ya kichaka. Lakini nyumba moja ya mbao ya Millwood ilibomolewa ubao kwa ubao, ikachukuliwa hata Knysna na kujengwa tena. Sasa ni nyumba ya makumbusho. Dhahabu iliwaacha watu, na mbao zingali zimesimama.

Mbao hizo ndizo zilizowapa mafundi wa Knysna sifa yao. Miti miwili hupendwa kuliko yote. Mmoja ni wa rangi ya manjano, ndugu wa podo tuijuao katika milima ya Kenya na Usambara. Wa pili ni mweusi-mweusi, hutoa harufu mbaya ukikatwa ungali mbichi, na ni wa ukoo mmoja na mkulo wa Usambara. Kwa miti hiyo mafundi hufanya meza, makabati na viti. Ulimi wa ubao mmoja huingizwa katika tundu la ubao wa pili, ukakazwa kwa kijiti. Viti vingine husukwa kwa kamba za ngozi, kama tusukavyo vitanda vyetu kwa kamba za mwaa.

Basi tusidhani kwamba mbao ziliwatajirisha wote. Wakata miti walikaa msituni kizazi baada ya kizazi, wakipasua magogo kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu na mwenzake shimoni. Bei iliwekwa na wenye maduka, na wengi waliishi katika deni. Meza iliyong'aa katika nyumba ya tajiri ilianza na mtu asiyekuwa na meza. Na msitu nao ukapungua, kwa maana shoka halikuwa na mpaka. Mwaka 1939 sheria iliwaondoa wakata miti msituni, nao wakapewa pauni 25 kila mwaka. Msitu ukapata nafuu, lakini watu wale walipoteza kazi pekee waliyorithi kwa baba zao.

Katika nyakati zilizofuata, miti ya kukatwa ilianza kuchaguliwa mmoja mmoja, hasa iliyozeeka, na mbao zake kuuzwa kwa mnada. Kwa njia hiyo fundi hupata ubao, na mjukuu wake atapata wake.

Wazee wetu husema: mali bila daftari huisha bila habari. Dhahabu hata ukiiandika katika daftari haizai nyingine. Mti huzaa, kama aukataye akijua hesabu yake. Sisi nasi tuna podo na mkulo milimani kwetu. Kila mmoja wetu na akitazame kiti anachokalia sasa, ajiulize: mti uliotoa kiti hiki, ni nani aliyeukata, alilipwa nini, na pale uliposimama pamesimama nini leo?